Nilitaka Kufuta C Nikafuta na D: Diski na Mfumo Endeshi Mgeni

Na mwanafunzi wa kidato cha tatu

Ukifungua kurasa za nyuma za jarida hili, pale ambapo kila mwaka huchapishwa upya makala mazuri ya miaka iliyopita, mwaka huu utakuta ni machache. Usimlaumu mhariri wala mlezi wa chama. Aliyeyapoteza ni mimi. Niliyapoteza kwa muda wa dakika kama tano hivi, mchana kweupe, nimekaa sawasawa kwenye kiti na kujiona fundi. Kwa hiyo wenzangu chamani walipoamua kwamba adhabu yangu ni kuandika makala ya kueleza kilichotokea, ili mwingine asije akakirudia, sikuwa na la kujibu. Haya ndiyo maelezo yenyewe.

Nianze na sababu ya sisi kugusa tarakilishi ambazo zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Maabara yetu ina mashine za zamani tulizopewa kama msaada, zote zikiwa na Windows 10. Mfumo huo ulitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama ilifika mwisho. Mashine hazikufa siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama jana, ila kila tundu jipya linalogunduliwa na wezi wa mitandaoni hubaki wazi bila wa kuliziba. Windows 11 nayo inazikataa mashine zetu, kwa kuwa inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za kuanzia karibu mwaka 2017 au 2018. Zetu nyingine zilitengenezwa kabla sisi hatujaingia darasa la kwanza.

Basi mwalimu wetu wa somo la tarakilishi akasema tujaribu Lubuntu, toleo la 24.04, ambalo ni la Aprili 2024. Lubuntu ni ndugu mdogo wa Ubuntu, hana makuu, hali kumbukumbu nyingi ya mashine. Wote wawili ni wa ukoo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Ubuntu wenyewe ulitolewa mwaka 2004 na kundi lililoongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kinguni kama Kizulu na Kixhosa, na sisi wana wa Kiswahili hatuhitaji kamusi kulielewa: ni utu wetu uleule. Mwaka huohuo wa 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilifurahi mno kuyasikia hayo, hata nikadhani mfumo wenye jina la utu hauwezi kunitenda ubaya. Kumbe utu wake ni wa kufanya unachomwambia, si wa kukukisia ulitaka nini.

Ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, mwezi wa pili mwaka huu wa 2026. Mashine ya kwanza haikuwa na kitu ndani. Tuliifuta yote, tukaweka Lubuntu, ikawaka. Wacha tushangilie! Mwalimu akaitwa ofisini. Mimi nikahamia mashine ya pembeni, ile inayotumiwa na chama chetu kuchapia jarida.

Wanaoijua mashine hiyo wanajua kwamba ndani ya Windows kulikuwa na C na D. C ilikuwa na Windows yenyewe. D ilikuwa na makala yetu, folda moja kwa kila mwaka. Tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikisikia, "Weka D, D ni salama." Na ni kweli kwa kiasi chake, kwa sababu Windows ikiharibika fundi mwangalifu hufuta C, huiweka upya, na D hubaki ilivyokuwa. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi: kufuta C, kuiacha D.

Lakini Lubuntu haijui C wala haijui D. Orodha iliyokuja kwenye skrini ilikuwa na vitu viwili, kimoja kikiitwa sda na cha pili sdb. Nikajiambia, pasipo kumwuliza mtu, kwamba sda bila shaka ndiyo C, na sdb ndiyo D. Nikachagua sda, nikabofya pa kufuta diski. Skrini ikanionyesha mistari miwili minene ya rangi, wa juu ukionyesha diski ilivyo sasa na wa chini ukionyesha itakavyokuwa. Sikuitazama. Ikaniuliza kwa mara ya mwisho kama nina hakika. Nikajibu kwamba nina hakika.

Baada ya kitambo mwenzangu aliyeketi kando akasema, "Walaal, mbona fleshi yangu inaitwa sdb?"

Nilihisi tumbo likipata baridi, na Garissa tumbo halipati baridi hivihivi. Ile sdb ilikuwa fleshi ya GB 16 aliyokuwa ameichomeka ili anakili muhtasari wa historia. Na sda ilikuwa diski nzima, C na D zote mbili humo humo. Nikachomoa waya wa stima ukutani.

Sasa tueleze. Diski ni chuma kimoja. C na D si diski mbili, ni vipande viwili vya diski moja. Chamani tumebishana sana tukiite nini kipande hicho. Mmoja alitaka kigao, mwingine kitengo, mimi nimeamua kukiita ploti kwa kuwa kila mtu mjini anajua ploti ni nini. Fikiria shamba moja refu kandokando ya Mto Tana. Mwenyewe amelikata ploti mbili, moja ya ndizi, moja ya tikitimaji, na kati yao amechimba mtaro. Anayezoea shamba hilo husema "kwa ndizi" na "kwa tikiti" kana kwamba ni mashamba mawili. Mgeni akija na trekta, ukamwambia "lima shamba hili," atalima lote kutoka barabarani hadi mtoni. Hana kosa. Wewe ndiye uliyesema shamba.

Herufi C na D ni majina ambayo Windows huzipa ploti ili itutambulishie sisi. Hazikuchongwa kwenye chuma. Nilipomsimulia adeer wangu, ambaye hafugi tarakilishi bali ngamia upande wa Balambala, alielewa upesi kuliko mimi. Akasema, "Ngamia wako akienda kwa watu wasioijua chapa yako, chapa hiyo kwao ni kovu tu. Watamjua kwa umbo lake." Ndivyo ilivyo. Lubuntu hutumia chapa zake: sd ni alama ya diski, herufi inayofuata ni zamu ya kuonekana, na nambari ni ploti. Kwa hiyo sda ni diski ya kwanza kuonekana, sda1 ni ploti yake ya kwanza, sda2 ya pili. Mashine zenye diski mpya aina ya NVMe huandika nvme0n1 badala ya sda, ukiliona usishtuke. Na zamu hiyo si ya kudumu. Leo fleshi ni sdb, kesho ukichomeka nyingine kwanza itaitwa sdc.

Kinachodumu ni umbo, yaani ukubwa. Laiti ningeutazama ukubwa! Mbele ya sda kuliandikwa 465, mbele ya sdb 14 na nukta. D yetu ilikuwa na 232, na C vivyo hivyo. Hakuna D ya 14. Jumlisha 232 na 232 na kile kiploti kidogo cha kuanzishia, unapata hiyo 465. Hesabu ya darasa la pili.

Hapa pana mtego mwingine unaofaa kutajwa. Karatasi iliyobandikwa juu ya diski yetu inasema GB 500, ilhali skrini inasema 465, na wengi hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, GB moja kwake ni baiti 1,000,000,000. Windows na programu nyingine zinahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, na ukigawanya 500 ya kiwandani kwa hesabu hiyo unapata 465. Zipo pia programu za Linux zinazohesabu kwa elfu kama kiwanda. Kwa hiyo diski moja inaweza kuitwa 500 mahali pamoja na 465 mahali pengine. Andika nambari zote mbili kwenye karatasi kabla hujaanza, usije ukaitafuta diski isiyokuwepo.

Tuje kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na diski nayo ina daftari lake la ploti. Katika mashine za zamani daftari hilo huitwa MBR, nalo lilikuja na mashine za IBM mwaka 1983. Limo katika baiti 512 za mwanzo kabisa za diski, na katika hizo, baiti 64 tu ndizo za kuandikia ploti. Kila ploti hula baiti 16. Gawanya 64 kwa 16, utapata mistari minne. Ndiyo kusema diski ya daftari la zamani, hata iwe kubwa namna gani, haiandikishi zaidi ya ploti kuu nne. Daftari jipya huitwa GPT, na kwa kawaida lina nafasi ya ploti 128, kwa hiyo hakuna anayebanwa.

Nilipobofya pale, kitu cha kwanza kilichofutwa ni daftari. Kisha Lubuntu ikaandika lake jipya lenye ploti moja kubwa, ikaanza kumwaga mizigo yake humo. Hili ni jambo la kulielewa vizuri, kwa maana ndilo lililotuokoa nusu. Mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, Tana ilipotoka kingoni ikameza mashamba. Maji yalipopungua, mitaro na nyua za mipaka hazikuwepo, lakini udongo ulikuwepo, na penginepo hata miche ilisimama chini ya matope. Diski iliyofutwa ni hivyo. Mipaka imeondoka, majina yameondoka, lakini maandishi yenyewe yamelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika mashine inayoendelea kufanya kazi ni dakika ya kuandika juu. Kwa hiyo ukishagundua umekosea, zima. Usijaribu kuwasha uone kama imepona.

Mwalimu aliporudi hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Usiiguse." Siku ya pili akaitoa diski ile, akaiunganisha kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, kisha akatumia programu mbili zinazotolewa bure, TestDisk na PhotoRec. TestDisk hutafuta mipaka ya zamani. Iliupata mpaka wa D, lakini orodha ya majina ndani yake ilikuwa imeandikwa juu sehemu kubwa. PhotoRec haijali mipaka wala majina. Hupita diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta kitu chochote chenye umbo la faili, kama mtu anayepita shambani baada ya mafuriko akiokota kila kinachofanana na mhindi. Ilichukua saa nyingi. Vilivyookotwa tulivihifadhi kwenye diski nyingine kabisa. Ukivihifadhi kwenye diski ileile unajizika mwenyewe.

Tulipata mamia ya faili zenye majina ya herufi f na tarakimu ndefu. Ipi ni ipi? Hatukuwa na njia ila kusoma. Kwa hiyo mwezi mzima wa Ramadhani, mchana baada ya masomo, mimi na mwenyekiti wa chama, dada wa kidato cha nne, tuliketi maabarani kwenye feni moja tukisoma. Nyingine zilikuwa barua za shule. Nyingine zilikatika katikati ya sentensi. Lakini mengi ya makala yalirudi, na tuliwatambua waandishi kwa maneno yao kabla hatujafika jina. Yuko mmoja aliyemaliza shule zamani ambaye kila aya yake huanza kwa "Hapo ndipo." Mwenyekiti alicheka hadi akasema funga yake inatetereka.

Baada ya hapo mwalimu aliniambia nitaendelea na mashine zilizobaki, ila safari hii kila hatua niiandike daftarini kabla ya kuibofya. Mashine hizo zilinipa matatizo mengine ya diski ambayo sikuwahi kuyaota, nami nayaeleza kwa sababu yatampata yeyote atakayeweka mfumo asiouzoea.

Kipakatalishi cha mwalimu, ambacho ni kipya kuliko mashine zetu zote, kilikuwa cha ajabu. Lubuntu iliwaka kutoka kwenye fleshi, ikafika pa kuchagua diski, na diski haipo. Orodha ilionyesha fleshi peke yake. Mtu wa kwanza atasema diski imekufa, lakini imekufaje na Windows ilikuwa inatumia diski hiyo asubuhi? Sababu iko katika BIOS, yaani ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wowote. Ndani yake, mahali pa diski, palichaguliwa hali iitwayo RAID, ambayo kwenye mashine za Intel huendeshwa na kitu kiitwacho RST. Katika hali hiyo diski ya NVMe hufichwa nyuma ya msimamizi. Windows inamjua msimamizi huyo kwa sababu iliwekewa programu ya kuongea naye. Lubuntu haimjui, basi inaona ukuta. Dawa ni kubadilisha hali hiyo iwe AHCI.

Ila usikimbilie. Ukiibadilisha ghafla, Windows nayo itashindwa kuipata diski yake, itaonyesha skrini ya samawati na kugoma. Kwanza unaiagiza Windows kwamba ikiwaka tena iwake katika hali salama, ndipo unaingia BIOS kubadilisha, unaiacha iwake mara moja ijizoeze, kisha unairudisha hali ya kawaida. Na kabla ya hayo yote uliza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Mashine yenye kufuli hiyo ikiona BIOS imeguswa inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao hapiti. Mwalimu alikuwa nao, ameuandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio. Sisemi lolote.

Mashine ya tatu kutoka dirishani ilitutesa kwa namna nyingine. Diski ilionekana vizuri, nasi tulikuwa tumeipunguza C tukapata GB 60 tupu. Lubuntu ikaziona hizo 60, ikasema hazitumiki. Tupu lakini hazitumiki! Tulikaa nazo siku mbili. Jibu ni lile daftari la mistari minne. Mashine hiyo ilikuwa na ploti ya kuanzishia, C, D na ploti ya ukarabati iliyowekwa kiwandani. Nne zimejaa. Ardhi ipo, lakini msajili hana mstari wa kuiandikisha. Tukanakili vyote vilivyokuwa D kwenye fleshi mbili tofauti (naam, mbili), tukaifuta D, na mahali pake tukaweka ploti ya namna ya pekee inayoruhusiwa kukatwa ploti ndogo ndani yake. Hizo ndogo huanza kuhesabiwa kutoka tano, kwa hiyo ukiona sda5 ilhali hujaona sda4, usidhani kuna kitu kimepotea.

Kisha ikaja mashine niliyoiogopa kuliko zote, ile yenye kazi za mradi za kidato cha nne. Mradi huo ni karatasi nzima ya mtihani wa KCSE wa somo la tarakilishi, na mtu hawezi kumwambia mtahini kwamba kazi ililiwa na Lubuntu. Tulizinakili mara mbili, tukazifungua nakala kwenye mashine nyingine tuhakikishe zinafunguka, maana nakala ambayo hujaifungua ni tumaini tu. Hapo ndipo (samahani, nimeambukizwa) tukaanza. Lubuntu ilikataa kuipunguza ploti ya Windows. Ilisema haiko katika hali safi. Kumbe Windows za kuanzia toleo la 8, ukizizima kwa njia ya kawaida, mara nyingi hazizimiki kabisa. Sehemu yake hulala ikiwa imeshika daftari mkononi ili kesho iwake haraka. Mfumo mgeni ukija hauruhusiwi kumnyang'anya mtu aliyelala daftari lake, na ni heri. Dawa ni kushikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, au kuiondoa kabisa ile tabia ya kuwaka haraka katika mipangilio ya umeme.

Tulifanya hivyo na bado ikakataa. Sababu ya pili ni ya kwetu hapa: stima. Mashine zisizo na betri, stima ikipotea ghafla, hufa zikiwa katikati ya kuandika, na ploti hubaki na alama kwamba haikufungwa vizuri. Tukarudi Windows, tukaendesha chkdsk, ikachukua muda kama wa kuswali na kula, ikarekebisha makosa, kisha kila kitu kikakubali. Nashauri pia C ipunguzwe kwa chombo cha Windows yenyewe, kwa maana mwenye nyumba ndiye anayejua ameficha nini wapi.

Jambo la njia mbili za kuwaka nitalisema upesi. Mashine za zamani huwaka kwa njia ya zamani na daftari la MBR. Za baadaye huwaka kwa UEFI na daftari la GPT. Nyingi zinazijua njia zote mbili. Ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia (F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP aghalabu), utaiona fleshi yako moja ikitajwa mara mbili, mara ya pili ikiwa na neno UEFI. Ukichagua njia tofauti na ile inayotumiwa na Windows, mfumo mpya utaingia lakini ile orodha ya kukuchagulisha Windows au Lubuntu haitatokea, na watu watakwambia umeiua Windows. Hujaiua, mmeachana njiani. Kuijua njia ya Windows, ifungue na uandike msinfo32, utaiona kwenye mstari wa hali ya BIOS.

Na kama mashine inawaka vizuri fleshi ikiwemo, ukiichomoa inakuwa giza, basi GRUB, yaani yule bawabu anayeuamsha mfumo, umemweka kwenye fleshi badala ya kwenye diski. Ilitupata mara moja. Utamrudisha kwa kuwasha tena na fleshi na kumwekea makao kwenye sda, baada ya kutazama ukubwa wake, tafadhali.

Diski moja haikupona. Ilikuwa inatoa sauti ya ta-ta-ta na kusimama, na vumbi ndani ya mashine lilikuwa kama la barabara ya Modogashe. Diski ya namna hiyo haiwekewi mfumo wowote. Tuliinakili iliyowezekana, tukaitoa.

Mpaka naandika haya, mashine nyingi za maabara zina Lubuntu, na ya chama imo. Makala yote tuliyoyapata yamewekwa mahali patatu, na D haimo katika hesabu. Sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho kutoka 8-4-4, kwa hiyo watakaozirithi mashine hizi ni wa gredi za sekondari ya juu, nao wataikuta karatasi niliyoibandika ukutani yenye ukubwa wa kila diski kwa hesabu zote mbili.

Makala matatu hayajapatikana. La kwanza ni masimulizi ya nyanya wa mwanachama mmoja juu ya mvua za El Niño za mwaka 1997, lilitoka mwaka 2022. La pili ni mjadala wa tarakilishi au kompyuta, na la tatu ni shairi la dada wa kidato cha pili kuhusu daraja la Tana, yote mawili ya mwaka 2023. Nakala za maktaba zilikwisha kwa kuazimwa. Ukiwa nayo nyumbani, au kaka yako aliyemaliza anayo, hata kama jalada limeng'oka au ilifungiwa sambusa, ilete maabarani saa ya mapumziko ya pili. Tutayachapa upya mbele yako na kukurudishia jarida lako siku hiyohiyo.